Fundi na Vibanda vya Polisi vya Uingereza

Alikuwa na tabia ya kusimamisha filamu palepale mwizi anapokaribia kukamatwa. Sale ya video, ukumbi wake wa filamu, imejaa, watu wamebanana kwenye mabenchi, mmoja kashika goti la jirani yake kwa hofu, na yeye anabonyeza kitufe, anainuka na fimbo yake ya mwanzi, anakwenda hadi kwenye televisheni na kuanza kuhesabu vioo vya kibanda kilicho nyuma ya mwizi.

"Juu tatu. Chini tatu. Sita. Muzuri."

Watu wanapiga kelele. "Papa Fundi, acha wamukamate kwanza!"

"Kukamatwa atakamatwa tu," anajibu bila kugeuka. "Kaseti ni ileile ya juma jana."

Ilikuwa kweli. Tulimjua mwizi kwa sura, kwa koti na kwa namna anavyokimbia, na bado tulikasirika kila mara. Fundi hakujali. Alirudi kitini, akaandika kitu kwenye kaye yake, daftari la shule, ndipo akaturuhusu kuendelea na maisha.

Mji mzima wa Kasongo ulimwita Fundi. Mimi ninalijua jina lake, lakini sitaliandika hapa kwa sababu hakulipenda. Nyumba yetu na karakana yake vilitenganishwa na ua wa matete tu. Nikipiga chafya, yeye ndiye aliyeniombea heri kabla ya mama yangu. Mbele alitengeneza redio, pasi na televisheni. Nyuma, katika chumba kirefu cha matofali ya udongo, aliwasha jenereta baada ya swala ya alasiri na kuonyesha filamu. Alikuwa na katoni moja ya kaseti, aliyoachiwa na mhandisi Mwingereza aliyekuja kuchimba visima na kuondoka haraka vita vilipokaribia. Zote zilikuwa hadithi za zamani za polisi wa Uingereza, nyingi hazina rangi, na polisi wenyewe walitembea kwa miguu, kofia ndefu kichwani, kana kwamba hakuna kitu kinachowakimbiza.

Katika hadithi hizo, kona za barabara zilikuwa na vibanda. Kibanda kimoja kilikuwa kirefu kuliko mtu, chembamba, mlango mbele na taa juu ya paa. Polisi aliingia humo kuandika ripoti au kunywa chai, na taa ikimulika alijua wakubwa wanamwita. Upande wa nje kulikuwa na kijimlango, na nyuma yake simu ambayo mpita njia yeyote angeweza kuinua kuomba msaada. Hiyo simu ndiyo iliyotushinda kuelewa.

"Simu inje, na hakuna mutu anaiba?" mama yangu aliuliza alipoiona mara ya kwanza. "Basi hawa wezi wao wanaiba nini?"

Sisi tulicheka tukasahau. Fundi hakuweza kusahau, kwa sababu ya picha.

Picha hiyo ilikaa chini ya kioo cha meza yake ya kazi, mahali ambapo mteja asingeweza kuweka redio bila kuiona. Ndani yake alikuwa mdogo wake, mtoto wa mama mmoja na baba mmoja, amevaa koti kubwa kuliko mabega yake, mkono umegusa mlango wa kibanda cha polisi cha buluu. Nyuma ameandika kwa kalamu: "Kaka, kuja unichukue." Basi. Hakuna mji, hakuna barabara. Mfanyabiashara wa vitenge aliyeileta alikuwa ameipata kwa mwenzake, na huyo kwa mwingine, na kwa jinsi ilivyopita mikononi maneno yote ya mdomo yalikuwa yamepotea njiani. Aliweza kusema tu yale ambayo mtu yeyote mwenye macho angeyasema: kijana amefika Ulaya.

Kwa hiyo Fundi alitaka kitu kimoja duniani, na mtaa mzima ulikijua. Alitaka kujua kibanda kile kiko katika mji gani, ili amfuate mdogo wake, au akishindwa, ampelekee neno.

Neno lenyewe nalijua, maana nilikuwepo lilipoanza kuhitajika. Nilitumwa kuchukua pasi yetu. Wateja watatu wanne walikuwa wamesimama mlangoni, na mdogo wake, ambaye wakati huo alikuwa mwanaume mzima mwenye ndevu, alikuwa ameunganisha waya vibaya na kuunguza televisheni ya watu. Fundi alimpiga kofi. Si kofi kubwa. Lakini lilipigwa mbele ya watu. Yule kijana aliweka bisibisi mezani polepole, akafuta mikono, akaenda kuvaa viatu. Kesho yake hakuwepo. Kilikuwa kipindi cha vita, watu walikuwa wanakimbilia kila upande, na mtu mmoja zaidi barabarani hakuna aliyemuuliza anakwenda wapi. Ilipita miaka miwili bila habari, kisha ikaja picha.

Na aliyependa vile vibanda kwanza alikuwa huyo mdogo. Katika siku zao nzuri walikaa wawili kwenye benchi la mbele, kabla watu hawajaingia, wakaangalia kaseti bila kulipisha mtu. Kijana ndiye aliyegundua kwamba vibanda vingine hutikisika mwigizaji akifunga mlango kwa nguvu, kwa kuwa ni vya mbao nyembamba tu. "Kaka, ona! Ni triplex!" Walicheka kwa sauti hadi mama yangu akauliza kutoka upande wa pili wa ua kuna nini. Ndiyo maana picha ilipofika, Fundi hakushangaa kumwona amesimama pale. Alisema, "Alienda kuviona na macho yake."

Basi akaanza kuvisoma. Sijapata kuona mtu akisoma kitu vile, na nimesoma na watu waliotaka kuwa madaktari.

Aliviweka katika makundi matatu. Vya kwanza vilikuwa vya saruji, mlango wa mbao, paa lililopanda kwa ngazi ngazi. Hivyo alivihesabu vya London. Vya pili vilikuwa vya chuma, vipana, na paa lililofanana na la kanisa dogo. Hivyo vya Edinburgh. Miji hiyo mimi ndiye niliyemsomea, kwa Kiingereza changu cha sekondari, kutoka kwenye maandishi yanayopita mwisho wa filamu na kutoka kwenye gazeti moja kuukuu lililokuwa chini ya katoni. Vya tatu vilikuwa vya triplex, vilivyojengwa na watu wa filamu wenyewe. Pembeni ya kila cha triplex aliandika: "Hii haina mji." Aliniambia pia namna ya kukipima. Kwanza unaangalia paa. Kisha unahesabu vioo. Mwisho unangoja mtu afunge mlango, na unaangalia ukuta, humwangalii mtu.

"Watu wote wanaangalia mutu," alisema. "Ndiyo maana hawaoni."

Lile gazeti lilileta taabu nyingine. Lilisema kwamba huko Glasgow vibanda, vya umbo lilelile la London, vilikuwa vyekundu zamani, kabla ya kupakwa buluu. Katika filamu zisizo na rangi utajuaje? Mtu mwingine angeacha. Fundi alichukua kamera yake ya kupigia video za arusi, akaiunga kwenye televisheni isiyo na rangi, akaja kwetu kuazima beseni mbili za mama, moja nyekundu na moja ya buluu. Akazipanga juani, akazielekezea kamera, akaingia ndani kuangalia zinatoka vipi. Alitoka, akazisogeza kivulini, akaingia tena. Hivyo hadi saa sita. Mama yangu alikuwa na nguo za kufua zimerundikwa chini.

"Fundi, beseni zangu umezifunga?"

"Ngoja kidogo, mama. Nataka kujua nyekundu inakuwaje kama haiko na rangi."

"Inakuwa beseni," alisema mama. "Leta."

Mwishowe zote mbili zilitoka kijivu kinachokaribiana, na yeye, badala ya kujidanganya, aliandika kwenye kaye: "Sijui." Nililiona neno hilo kwa macho yangu. Ningeweza kumbusu kwa ajili yake. Nimefanya kazi na wakubwa wengi tangu siku ile, na wanaoweza kuandika "sijui" ni wachache.

Lakini mtu huyohuyo aliyeweza kumwambia kibanda "sijui" hakuweza kumwambia binadamu "samahani". Sikuwahi kulisikia neno hilo likitoka kinywani mwake. Siku moja alimfokea mama yangu kwa sababu ya moshi wa jiko uliokuwa unaingia kwenye vifaa vyake, akamwambia maneno ambayo hayaambiwi jirani. Kesho yake asubuhi redio yetu, iliyokuwa imekufa muda mrefu, ilikuwa kizingitini inaimba. Hakuna mtu aliyempelekea. Alikuwa ameingia uani, akaichukua, akaitengeneza, akairudisha. Mama akasema, "Anaomba radhi na bisibisi." Tukaizoea. Kila akikosea, kitu fulani nyumbani mwa mtu kilipona.

Nadhani hapo ndipo maumivu yake yalipokuwa. Mdogo wake hakuacha kitu cha kutengeneza. Alibeba kila kitu chake, hata kandambili.

Alikuwa na mambo mengine yasiyokaa pamoja. Alikataza kusema neno wakati wa filamu, na yeye ndiye aliyeongea kuliko wote. Alizima jenereta kila adhana iliposikika, hata filamu ikiwa imebakiza dakika moja, na sisi Wakristo tukamngoja kimya. Lakini akirudi kutoka msikitini angeweza kugombana na mtu kuhusu bawaba hadi mishipa ikamtoka. Alikuwa bahili wa chai. Alikuwa mkarimu wa betri. Mtu akigundua kibanda ambacho yeye hakukiona, alipewa kiti chake Fundi mwenyewe kwa filamu nzima, na Fundi akakaa chini kwenye mkeka, na hakuna aliyethubutu kumwinua. Mimi nilikipata kiti hicho mara mbili. Kibanda changu cha kwanza kilikuwa mbali sana, nyuma ya basi, kinaonekana paa na taa tu. Nilivyokaa pale, mgongo umenyooka, nilijiona nimeolewa na mfalme.

Kuhusu kibanda cha picha, alifikia uamuzi huu: paa la ngazi ngazi, vioo sita, taa fupi. Kwa hiyo si Edinburgh. Ama London, ama Glasgow baada ya kupakwa rangi upya. Akaniambia niandike barua kwa polisi wa miji yote miwili. Niliandika kwenye karatasi ya mistari, nikachora kibanda pembeni kwa uangalifu, nikauliza kama wanaweza kusema kiko kona gani, kwa sababu kaka wa mtu aliyesimama pale anamtafuta. Barua zilibebwa na msafiri hadi mji wa Kindu na kutoka huko sijui zilikwenda wapi. Kila Ijumaa, akitoka kuswali, alipita uani kwetu.

"Hakuna kitu?"

"Hakuna, Papa Fundi."

"Ni mbali," alisema. "Barua nayo inachoka."

Nilikuwa na miaka kumi na saba, nikaona ni mchezo wa mtu mzima mwenye huzuni. Sikufikiri kwamba siku moja ningetamani kumsikia akiuliza tena.

Niliondoka Kasongo kwenda kusoma uuguzi, nikaolewa, nikapangiwa kazi hospitalini Kabambare. Kaseti zilikufa moja moja kwa ukungu. Sale ya video ikawa stoo. Simu zilipofika na intaneti ikaanza kushika, angalau ukipanda mahali pa juu, Fundi alipata nambari yangu kwa mama na kuniomba jambo moja tu: nimtafutie picha za vibanda vya kweli, vilivyo wazi, na kubwa kadiri inavyowezekana. Nilimtumia. Vibanda vilivyogeuzwa vya kuuzia kahawa, vibanda vilivyobaki peke yake kwenye kona, vibanda vilivyowekwa makumbushoni. Alinijibu kwa ujumbe wa sauti, kila mmoja kwa zamu: "Hii, hapana. Hii, paa ni yenyewe lakini barabara inapanda. Tuma ingine."

Kisha nikachoka. Lazima niliseme. Nilikuwa na watoto wawili na wodi ya wazazi yenye vitanda vichache kuliko wanawake, na simu ikilia nikaona ni yeye, nilisema nitajibu kesho. Kesho hizo zilikuwa nyingi. Yeye hakulalamika. Alinyamaza tu, na mimi nikauona unyamavu wake kuwa pumziko.

Mwaka huu, baada ya mvua kukatika, nilitoka wodini mchana nikamkuta amekaa kwenye benchi la wagonjwa. Vumbi la barabara lilikuwa limempaka kuanzia kofia hadi viatu, na kwa muda mfupi nilidhani ni mgonjwa mzee aliyeletwa kwa pikipiki. Alikuwa amepungua. Mikono tu ilikuwa ileile, yenye makovu madogo ya kuungua.

"Papa Fundi! Umetoka Kasongo na pikipiki? Kwa mgongo huo?"

"Mugongo uko," alisema. "Kaa, mama. Toa simu yako. Nionyeshe kibanda ya kweli. Yoyote."

Nilitaka kumpa maji kwanza, akakataa. Nikafungua picha niliyomtumia zamani.

"Mulango wake unafungwa na nini?"

Nikaikuza. "Kuna tundu la ufunguo. Kwenye mbao yenyewe."

"Ingine."

Nikamwonyesha nyingine, na nyingine. Zote tundu la ufunguo. Ndipo alipotoa mfukoni picha ya mdogo wake, ndani ya nailoni, na kuiweka juu ya goti langu. Chini kidogo ya ule mkono, katikati ya mlango, lilining'inia kufuli. Kufuli la kawaida, limepitishwa kwenye pete mbili za chuma, kama lile linalofunga kila duka, kila stoo na kila choo kuanzia Kasongo hadi hapa.

"Kadena," alisema.

Nilikuwa nimeliona mara ngapi? Nililiona kila siku ya utoto wangu. Yeye alikuwa amehesabu vioo vya filamu nzima nzima, akapima paa, akabishana juu ya bawaba, na kufuli lilikuwa pale wakati wote chini ya kioo cha meza yake. Hakuna hata mmoja wetu aliyeliona, kwa sababu mlango wenye kufuli kwetu ndio mlango. Mtu wa London angecheka mara moja. Sisi tungeshangaa tu kama lisingekuwepo.

"Polisi wao alikuwa na ufunguo kwenye mufuko," alisema Fundi. "Hakuna kadena kwenye kibanda hata kimoja. Niliangalia zote ulizonitumia. Ulikuwa umenyamaza, nikarudilia zile za zamani, moja moja. Hii si saruji, mama. Si chuma. Hata triplex si triplex. Ni kitambaa ya studio ya foto, imechorwa na mutu wa kwetu."

Hapo nikaelewa. Sote tunavijua vitambaa hivyo: mchoraji anachora ndege, au gari jekundu, au nyumba za Ulaya, na wewe unasimama mbele na koti la kuazima unapigwa picha. Nina picha yangu mwenyewe ya siku ya kipaimara nikiwa nimesimama mbele ya theluji.

"Hakwenda Uingereza," nilisema.

"Hakwenda pahali." Alikuwa ameshauliza, kabla ya kuja kwangu. Mpiga picha mmoja mzee wa arusi, pale Kasongo, aliitazama picha na kusema bila kusita kwamba kitambaa kile ni cha Wamaza, mahali pa machimbo. Kulikuwa na mchoraji huko aliyewachorea wachimba dhahabu, maana wachimbaji, wakipata, walipenda kuonekana mbali. "Wamaza, mama. Naweza kufika na pikipiki. Wakati wote nilikuwa natafuta Uingereza, kwa ba-Anglais."

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, pale kwenye benchi la wagonjwa, na mwanamke mmoja mwenye mimba akaniuliza kama nimefiwa. Nikafikiri juu ya kesho zangu zote nilizomwambia. Ningekuwa nimejibu, huenda tungeliona kufuli mapema zaidi. Nilimwambia hivyo.

"Acha hiyo," alisema. "Unaweza kupata ruhusa siku mbili? Sitaki kwenda peke yangu. Weye umesoma vibanda vyote na miye."

Nilipata ruhusa. Tulikwenda Wamaza, pikipiki mbili, tukisukuma kwenye matope yaliyobaki na kuvuka madaraja ya magogo kwa miguu. Njiani alinisimulia habari za mdogo wake ambazo sikuwahi kuzisikia: kwamba aliogopa kuku, kwamba alipenda kuimba akiwa anachomelea waya, vibaya sana. Alisema maneno mengi juu yake siku ile kuliko miaka yote ya uani.

Haikuwa vigumu kumpata mchoraji. Siku hizi anaandika majina ya maduka na kuchora vinyozi kwenye mbao. Alikuwa kando ya barabara, mguu mmoja ndani ya rangi, na alipoishika ile picha uso wake ulifunguka kwa furaha.

"Hii ni kitambaa yangu!" Akaigeuza kwenye mwanga. "Na huyu kijana namukumbuka. Wote walitaka ndege. Yeye alikataa ndege, akakataa na gari. Alisema, unichoree kanyumba ka polisi. Polisi gani? Akakaa hapa siku muzima kunielezea: paa hivi, vioo sita, taa juu. Nilifuta mara ngapi!"

Fundi alikuwa amesimama wima. "Alisema ya nini?"

"Alisema iko na kaka yake Kasongo, anajua hivi vitu sana. Alisema, kaka akiona atacheka. Atajua mara moja ni kitambaa, atakuja kunichukua. Akamupa foto mutu wa kupeleka, akamuambia na mudomo, sema niko Wamaza." Mchoraji akaweka kidole juu ya kufuli. "Hii kadena niliongeza miye. Alikataa, alisema huko kwa Wazungu hakuna. Nikamuambia, baba, mulango bila kadena watu watanicheka."

Mchoraji aliniangalia mimi, akamwangalia Fundi, na furaha ikaanza kumtoka usoni.

"Ni weye ule kaka?"

"Ni miye."

"Alikungoja," alisema mchoraji, kwa sauti ya chini. "Miaka tatu. Kila pikipiki ikisimama hapa barabarani, alikuwa anatoka kwenye shimo, na udongo wote, anakuja kuangalia. Tulikuwa tunamuchekelea. Kisha alienda na wenzake, upande wa ziwa. Hatukusikia tena."

Fundi aliuliza shimo lilikuwa wapi, na mchoraji akamwonyesha kwa mkono kilima kilichomea nyasi. Aliuliza kijana alikuwa anasimama wapi akija kuangalia. Mchoraji akamwonyesha mahali hapo pia, hatua chache tu kutoka tulipokuwa. Fundi akaenda kusimama pale. Alikaa pale muda mrefu, mgongo kwetu, na sikumfuata.

Kesho yake asubuhi nilifunga mzigo wangu. Yeye hakufunga wake. Alikuwa ameshapata meza kutoka kwa mchoraji, akaiweka chini ya upenu wake kando ya barabara, na juu yake amepanga bisibisi, waya na redio mbili ambazo watu walikuwa wameshamletea.

"Papa Fundi, twende. Hapa huna mtu."

"Rudi, mama. Wagonjwa wako wanakungoja. Miye nabaki."

"Mpaka lini?"

Alichukua redio moja, akaitikisa karibu na sikio. Mchoraji, aliyekuwa anakoroga rangi pembeni, ndiye aliyeuliza, kwa upole, kama mtu anayeogopa kukanyaga kitu.

"Na akirudi, utamuambia nini?"

"Nitamuambia samahani," alisema Fundi.

Alilisema wazi, mbele yetu wote wawili, kisha akainama juu ya redio. Nilitaka kumkumbatia, lakini yeye hakuwa mtu wa kukumbatiwa, kwa hiyo nilimshika mkono tu na kuushikilia zaidi ya desturi. Nikapanda pikipiki. Kabla hatujafika kijilima cha kwanza, tukapishana na pikipiki nyingine iliyokuwa inaingia Wamaza, imebeba wanaume wawili waliofunika nyuso kwa sababu ya vumbi. Niliisikia ikipunguza mwendo, nikageuka kutazama nyuma. Ilikuwa imesimama. Papa Fundi alikuwa ameshainuka mezani, anatembea kuelekea barabarani.